Nani Hulipia Kitabu cha Mtoto? Maisha na Kazi za Lydia Maria Child

(Hotuba kwa waandishi, wahariri na walimu wa vitabu vya watoto)

Mwenyekiti wa kikao, walimu, wakutubi, waandishi na wachapishaji wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Mliponiomba nizungumze juu ya mwandishi wa watoto wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, nadhani mlitarajia jina kubwa, la mtu ambaye vitabu vyake bado vinapangwa dirishani madukani. Nimekuja na Lydia Maria Child, ambaye hata huko kwao wengi huimba wimbo wake bila kujua nani aliutunga. Sababu yangu ni ya kibiashara kidogo. Mama huyu alianzisha jarida la watoto, likapendwa, likamlisha yeye na mumewe, kisha akafanya jambo alilojua fika kwamba litamkosesha wanunuzi. Sisi tunaoishi kwa kazi hii tunajua kwamba anayesoma siye anayelipa. Anayelipa ni mzazi, au shule, au wizara, au mfadhili, na kila mmoja wao ana jambo ambalo asingependa mtoto alisome. Child alilijua hilo karibu miaka mia mbili kabla yetu.

Alizaliwa Medford, jimbo la Massachusetts, tarehe 11 Februari 1802, kitindamimba wa mzee Convers Francis, mwoka mikate ambaye biskuti zake kavu ziliutangaza mji ule. Riziki ilikuwepo nyumbani, ila vitabu vilikuwa vichache. Kaka yake, aliyeitwa Convers kama baba, alipelekwa chuo cha Harvard na mwishowe akawa mchungaji na profesa hukohuko. Yeye, kwa kuwa binti, aliambulia shule ya mtaani na vitabu vya kuazima kwa kaka. Mama yao alifariki mwaka 1814, Lydia akiwa na miaka 12, naye akapelekwa Maine kwa dada yake aliyeolewa huko. Maine ya siku zile ilikuwa mpakani mwa misitu, na karibu na mji wa Norridgewock waliishi Waabenaki na Wapenobscot, wenyeji wa asili wa nchi ile. Binti akaenda kuwaona, akazungumza nao. Wasichana wa tabaka la kusoma la Boston hawakuwa na bahati hiyo.

Mwaka 1824 akatoa riwaya, Hobomok, aliyoiandika kwa wiki sita na bila kuweka jina lake. Binti wa Kipuriti, yaani wa wale walowezi wa Kiprotestanti wenye msimamo mkali wa dini, anaolewa na mwanamume wa wenyeji wa asili, tena anamzalia mtoto. Mnaweza kukisia wahakiki walivyokunja nyuso. Hata hivyo Boston ilitambua kipaji, ikamfungulia milango ya sebule zake. Sitakaa sana hapo, maana riwaya yenyewe ina harara ya mtu aliyeandika usiku kucha. Kinachotuhusu ni kitabu cha watoto alichokitoa mwaka huohuo, Evenings in New England, mkusanyiko wa hadithi na mazungumzo ya shangazi na watoto. Humo utumwa umeguswa kwa ncha za vidole: ni jambo baya, lakini tusiwe wakali mno kwa ndugu zetu wa majimbo ya Kusini. Hapo ndipo alipoanzia. Hakuzaliwa akiwa mwanaharakati.

Septemba 1826 likatoka toleo la kwanza la jarida lake, Juvenile Miscellany, ambalo lilitoka kila baada ya miezi miwili. Yeye ndiye mhariri, na kwa sehemu kubwa yeye ndiye mwandishi. Ndani mlikuwa na hadithi, mashairi, vitendawili, maisha ya watu mashuhuri, habari za wadudu na za nchi za mbali. Watoto wa Marekani walikuwa wamezoea vitabu vilivyotoka Uingereza, au vijitabu vya dini vyenye watoto wema wanaokufa mapema huku wakiwasamehe wote. Child aliwapa watoto wanaofanana nao, wanaofanya kazi, wanaokosea hesabu, wanaogombana na dada zao. Mawaidha yalikuwemo, tena kwa wingi. Ilikuwa karne ya mawaidha. Lakini alikuwa na sikio. Anajua mtoto anavyouliza swali la pili kabla hujamaliza kujibu la kwanza.

Caroline Healey Dall, aliyekulia Boston na baadaye akawa mwandishi mwenyewe, amesimulia jinsi siku ya jarida ilivyokuwa. Watoto walikaa kwenye ngazi za mawe mbele ya milango ya nyumba zao, juu hadi chini mtaa wa Chestnut Street, wakimngoja mchukuzi alete nakala. Mhariri yeyote hapa angetoa nini kuiona picha hiyo mtaani kwake! Na ni katika jarida hilohilo, mwaka 1830, ndimo lilimochapishwa shairi la Sarah Josepha Hale juu ya Mary na mwanakondoo wake, ambalo watoto wetu wa chekechea wanaliimba hadi leo kwa Kiingereza bila kujua limetoka wapi. Huyu Bi. Hale mumkumbuke, atarudi.

Oktoba 1828 Lydia aliolewa na David Lee Child, wakili na mhariri wa gazeti. Alikuwa mtu mwenye moyo safi na mfuko uliotoboka. Alishtakiwa kwa kashfa kutokana na aliyoyaandika gazetini, akakopa, akadhamini wengine, akakopa tena. Hawakujaliwa kupata watoto. Kwa hiyo nyumba ilisimama juu ya kalamu ya mke, naye akafanya lile ambalo waandishi wenye njaa hulifanya: akaandika anachokijua. Alichokijua wakati huo kilikuwa namna ya kuishi bila pesa.

Kikazaliwa The Frugal Housewife, mwaka 1829, kitabu cha mapishi na matumizi ya nyumbani alichokitoa kwa wale wasioona haya kubana matumizi. Nimekisoma kwa furaha kuliko riwaya zake. Kanuni yake ni kuokota vipande vyote ili kisipotee kitu, na anaongeza kwamba vipande vya muda vimo pia. Anamwambia mama wa nyumbani achungulie mara kwa mara ndoo ya makombo, ahakikishe hakuna kilichotupiwa nguruwe ambacho kilistahili kuingia chungu cha mafuta. Kisha achungulie chungu cha mafuta, ahakikishe hakuna humo kitu ambacho kingeilisha familia yake, au familia iliyo maskini zaidi. Ile “au familia iliyo maskini zaidi” ndiyo Child mwenyewe. Mwandishi mwingine wa mapishi angeishia kwenye nguruwe. Kitabu kilichapishwa tena zaidi ya mara thelathini, kikasomwa mpaka Uingereza na Ujerumani.

Mwaka 1831 akaongeza kitabu cha malezi kwa akina mama na kingine cha michezo na kazi za mikono kwa wasichana. Wachapishaji, mnaliona soko lilivyopangika? Jarida kwa mtoto, michezo kwa binti, malezi kwa mama, mapishi kwa mke wa mume mwenye madeni. Rafu nzima ya nyumba moja ilikuwa mali ya Bi. Child. Julai 1833 jarida kubwa la fasihi la Marekani, North American Review, lilimsifu kiasi cha kusema halina hakika kama yupo mwanamke nchini anayemzidi. Wiki chache baadaye akakivunja chungu chake mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Januari 1831 kijana mmoja mwenye hasira takatifu, William Lloyd Garrison, alianza kutoa Boston gazeti la kupinga utumwa, The Liberator. Alikutana na akina Child, na baadaye sana Lydia aliandika kwamba Garrison alizishika nyuzi za dhamiri yake akamvuta kuingia kwenye harakati. Dalili zake zinaonekana kwanza katika jarida la watoto. Mwaka huohuo wa 1831 alichapisha humo hadithi ya Jumbo na Zairee, kaka na dada, watoto wa mwana wa mfalme wa Kiafrika, wanaonaswa ufukweni na kupakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Marekani. Mtoto wa Boston, aliyefundishwa kila tarehe 4 Julai kwamba watu wote wamezaliwa sawa, anaonyeshwa watu wawili wa umri wake ambao tangazo hilo haliwahusu. Wazazi walivumilia. Hadithi ya huruma ilikuwa bado ndani ya mipaka.

Agosti 1833 akatoa kitabu cha watu wazima kilichoitwa An Appeal in Favor of That Class of Americans Called Africans. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kuchapishwa Marekani vikidai watumwa wote waachwe huru mara moja bila wenye watumwa kulipwa fidia. Katika dibaji anasema wazi kwamba anajua kazi hii haitapendwa, kwamba atachekwa na kulaumiwa, na kwamba haogopi. Anapitia historia ya utumwa tangu kale, sheria zake, uchumi wake. Ana sura ya akili na vipaji vya Waafrika. Mpaka hapo pengine Boston ingemstahi, kwa kuwa makosa yalikuwa ya Kusini. Lakini sura ya mwisho-mwisho inageuka nyumbani. Anaandika juu ya viti vya kanisa ambavyo Mweusi hawezi kuvikalia, magari ya abiria yanayomkataa, shule zinazofungiwa wasichana weusi, na sheria ya Massachusetts yenyewe iliyokataza ndoa kati ya mweupe na mweusi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1843, na yeye alikuwa miongoni mwa walioipigia kelele.

Kwa nini Boston iliumia kiasi kile? Heshima ni sehemu ya jibu, pamba ndiyo iliyobaki. Matajiri waliomkaribisha Child sebuleni walikuwa na hisa katika viwanda vya nguo vya Massachusetts, na viwanda vile vilikula pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Na hapa, niruhusuni nichepuke, sisi wa pwani tumo ndani ya hadithi. Mwaka huohuo wa 1833, Septemba, Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, bandari ya jimbo lilelile la Bi. Child, zikazidi kutia nanga Unguja. Zilileta merikani, kile kitambaa cha pamba cha Marekani, zikachukua pembe, sandarusi na karafuu. Merikani ile ilivaliwa na watumwa wa mashamba ya Unguja na Pemba, ikabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji kuwa fedha. Mtumwa wa huku alivaa pamba iliyochumwa na mtumwa wa kule, na aliyekaa katikati akihesabu faida alikuwa jirani wa Lydia Maria Child. Basi mtu wa namna hiyo akiambiwa na mwandishi wa mapishi kwamba mikono yake si safi, mnategemea atasema ahsante?

Inasimuliwa kwamba mwanasheria mmoja mkubwa wa Boston alikishika kitabu kwa koleo la mekoni na kukitupa dirishani. Maktaba ya Boston Athenaeum, ambayo ilikuwa imempa mwanamke huyu heshima adimu ya kuazima vitabu bure, iliiondoa. Milango ya sebule ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kitabu chake cha malezi kikadorora. Na wazazi, wale waliolipia Juvenile Miscellany, wakaacha kulipia. Katikati ya mwaka 1834 ilibidi awaage wasomaji wake wadogo baada ya miaka minane. Jarida likachukuliwa na nani? Na Sarah Josepha Hale, mama wa mwanakondoo, mhariri hodari aliyejua kuishi na wanunuzi wake. Naye hakuweza kulifikisha mbali. Mwaka 1836 likafa kabisa.

Sasa nataka tukae kidogo na hadithi moja ya miezi ile ya mwisho, maana kwangu ndiyo kazi bora aliyowahi kuwaandikia watoto, nami sishangai kwamba haipo katika vitabu vya kiada. Ilitoka katika toleo la Mei na Juni 1834, jarida likiwa tayari linakata roho, na inaitwa Mary French and Susan Easton. Mary ni mtoto mweupe. Susan ni jirani yake, mtoto mweusi, huru, binti wa baba huru. Wanacheza pamoja. Anapita mchuuzi mwenye gari, anawarubuni, anawaiba wote wawili. Susan atauzika kirahisi. Mary je? Mchuuzi anampaka masizi na mafuta, anamharibu nywele, na kuanzia hapo hakuna anayemwamini. Anasema “mimi ni mweupe, nina baba na mama,” na anachapwa kwa kusema uongo. Ni mtoto yuleyule, akili ileile, jina lilelile. Kilichobadilika ni masizi.

Kinachomwokoa ni kilio. Machozi yanashuka mashavuni, anayafuta, na panapofutwa panabaki mistari myeupe. Watu wanastuka, wanamsafisha, baba anaitwa, Mary anarudi kwao. Na Susan? Hajasikika tena. Child anawaambia watoto bila kupaka asali kwamba bila shaka yu mtumwa, anafanyishwa kazi bila ujira na kuchapwa kila akithubutu kusema ana haki ya kuwa huru. Kisha anamaliza kwa kueleza tofauti pekee iliyokuwepo kati ya wasichana hao: rangi nyeusi ya Mary iliweza kufutika, ya Susan haikuweza. Hakuna shangazi anayekuja kuwatuliza.

Najua pingamizi lililopo, na ni la haki. Mwandishi alihitaji mtoto mweupe ateseke ndipo msomaji mweupe alie. Susan hapewi sauti, anatoweka ukurasani kama alivyotoweka duniani. Katika riwaya zake za watu wazima pia, Child anawapenda sana mashujaa wenye rangi hafifu, na baba watukufu wa Kizungu hawakosekani. Hayo ni kweli. Ila naomba tuitazame ile hadithi kama mafundi. Mtoto anayesoma anategemea, kwa mazoea ya hadithi zote alizowahi kusoma, kwamba waliopotea wawili watapatikana wawili. Mwandishi anampa mmoja, anafunga kitabu. Swali la Susan linabaki mikononi mwa mtoto, na mtoto atakwenda kumuuliza nani? Atamuuliza yuleyule mzazi aliyelipia jarida. Hapo mnaelewa kwa nini wazazi wale walikoma kulipia, na mimi siwezi kusema walikuwa hawajui kusoma. Walisoma vizuri mno.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. David alikwenda Ulaya kujifunza kutengeneza sukari ya bitiruti, ili Wamarekani wapate sukari isiyotoka katika miwa ya watumwa. Mwaka 1838 wakahamia Northampton kulima na kukamua. Wazo lilikuwa zuri, sukari ilipatikana, pesa haikupatikana. Mwaka 1841 Lydia akaenda New York kuhariri gazeti la wapinga utumwa, National Anti-Slavery Standard, ili familia ipate kula. Alilihariri kwa miaka miwili, akachoshwa na ugomvi wa makundi ndani ya harakati, akaacha. Barua zake za mji wa New York, alizozikusanya kuwa kitabu mwaka 1843, zilimrudishia wasomaji, na kuanzia 1844 akarudi kwa watoto kwa juzuu tatu za Flowers for Children.

Katika juzuu ya pili ndimo ulimo wimbo niliousema mwanzoni. Ni shairi la mtoto wa kiume anayekwenda na familia yake kwa babu, Sikukuu ya Shukrani, wakivuka mto na kupita msituni, wamepanda gari la kuteleza juu ya theluji, na farasi anaijua njia mwenyewe. Upepo unachoma pua na vidole. Mwisho wanafika, wanauliza kama chakula kimeiva, wanaishangilia pai ya maboga. Ni shairi jepesi, lina mwendo wa kwato, na Wamarekani wameliimba mpaka mwandishi kadondoka njiani. Wengi hata humweka bibi mahali pa babu. Na sikukuu yenyewe ikawa ya taifa zima mwaka 1863 kwa tangazo la Rais Lincoln, baada ya kampeni ya miaka mingi ya mhariri mmoja wa jarida la wanawake, jarida lililokwepa siasa za utumwa. Mhariri huyo aliitwa Sarah Josepha Hale. Mmoja alipata sikukuu, mwingine wimbo wake.

Oktoba 1859 John Brown alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry, Virginia, akitaka kuwasha uasi wa watumwa. Akajeruhiwa, akakamatwa. Child hakukubaliana na matumizi ya bunduki, lakini alimwandikia Gavana Henry Wise akiomba ruhusa aende kumuuguza gerezani. Barua zikafika magazetini. Akajibiwa kwa ukali na Bi. Mason, mke wa seneta wa Virginia aliyeitunga sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Bi. Mason aliuliza: nyie wanawake wa Kaskazini, mnakaa na wagonjwa maskini? Mnawasaidia wanaojifungua, kama sisi tunavyowafanyia watumwa wetu? Child alijibu kwamba hajawahi kuona mzazi akikosa msaada huko kwao, na akaongeza kwamba huku Kaskazini, tukishamsaidia mama kujifungua, hatumuuzi mtoto. Wapinga utumwa wakazitoa barua hizo kuwa kijitabu na kusambaza nakala 300,000. Mwandishi aliyetelekezwa na wanunuzi wa jarida dogo alikuwa sasa anasomwa nchi nzima.

Mwaka 1861 alihariri na kuandikia dibaji simulizi ya maisha ya Harriet Jacobs, aliyejificha karibu miaka saba katika dari dogo chini ya paa la nyumba ya bibi yake akimkimbia bwana. Kazi ni ya Jacobs, sauti ni ya Jacobs. Kwa miaka mingi wasomi walidhani Child ndiye aliyeibuni, na ilichukua utafiti wa karne ya ishirini kumrudishia mwenyewe haki yake. Child asingependa sifa ile ya bure. Alikwisha kusema katika dibaji kwamba alipunguza na kupanga tu.

Nimefika kwenye kitabu nilichokuwa nakiendea tangu nianze. Mwaka 1865 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimekwisha, watumwa wako huru kwa mamilioni, na mtu mzima na mjukuu wake wanakaa benchi moja kujifunza kusoma. Vitabu vya wamishonari walivyopelekewa viliwahimiza sana utii, kiasi na shukrani. Child, aliyekuwa na miaka 63, akawatengenezea The Freedmen's Book. Humo mna maisha ya Toussaint Louverture aliyeongoza mapinduzi ya Haiti, Benjamin Banneker mwanahesabu na mtaalamu wa elimu ya nyota, Phillis Wheatley mshairi, Frederick Douglass, William na Ellen Craft waliotoroka mke akijifanya bwana mweupe na mume akijifanya mtumwa wake. Mna mashairi ya Frances Harper na kipande cha Harriet Jacobs juu ya bibi yake. Na katika orodha ya yaliyomo, kila jina la mwandishi mweusi limewekewa nyota. Mtoto asiyejua bado kusoma sawasawa aliweza kukimbiza kidole pembeni mwa ukurasa na kujua ni wangapi.

Kitabu kina mawaidha ya kuoga, kufua na kuwaonea huruma wanyama, na msomaji wa leo atakereka. Mtu aliyefua nguo za bwana miaka thelathini hahitaji kufundishwa kufua. Lakini kina pia ushauri ambao sikuutegemea katika kitabu cha kufundishia kusoma. Anawaambia: mwajiri asipowatendea haki, sasa mna uwezo wa kuondoka na kumnyima kazi ya mikono yenu, na hasara itakuwa yake.

Nani alilipia? Hapa ndipo nasema mama huyu alikuwa amejifunza somo lake la 1834. Gharama za kukitoa alizibeba yeye mwenyewe, na waliokihitaji waliuziwa kwa bei ya kuchapia, bila faida kwake. Mzazi wa Boston hakuulizwa. Fedha alizipata kwa ule uchumi wa chungu cha mafuta: akiishi Wayland katika nyumba ndogo aliyoachiwa na baba yake, alikunja na kutumia tena bahasha, akatunza kila kipande cha uzi. Wendell Phillips, msemaji mkubwa wa harakati, alimsimulia baada ya kifo chake. Siku moja Child alimwambia amtolee dola mia moja kwa ajili ya walioachwa huru. Phillips, akiijua hali ya mama huyu, akamwambia kwamba hana uwezo wa kutoa kiasi hicho. Child akajibu kwamba atafikiri, atamletea neno kesho. Kesho neno likaja: wapelekee mia mbili.

David alifariki mwaka 1874, naye Lydia alifariki hukohuko Wayland tarehe 20 Oktoba 1880, akiwa na miaka 78. Kazi zake hazina hakimiliki tena, na nyingi, zikiwemo The Freedmen's Book na kitabu cha mapishi, zinasomeka bure mtandaoni. Kama kuna mhariri hapa anayetafuta cha kutafsiri, mimi ningeanza na hadithi ya Mary na Susan, na nisingeongeza neno mwishoni. Mwenyekiti, naona muda wangu umekwisha. Nayapokea maswali, na ningependa ya wachapishaji yawe ya kwanza.